Michoro ya nguzo za Roma katika hazina ya bure ya Met: je, namba zinasomeka?

Ukitaka kujua kama hazina ya michoro ya kale mtandaoni inafaa kwa kazi, usianze kwa kuutazama uzuri wa picha. Fungua laha moja yenye kitako cha nguzo, ikuze mpaka tarakimu zilizoandikwa kando ya mistari zijae kwenye kioo, kisha jiulize: hii ni 3 au ni 5? Ukiweza kujibu, hazina hiyo ina kazi. Usipoweza, umepata pambo la ukutani.

Kwa kipimo hicho tumeikagua huduma ya bure ya Metropolitan Museum of Art ya New York, ambayo wengi huiita Met tu, na hasa makusanyo mawili ya karne ya 16 yaliyomo humo, Goldschmidt na Scholz. Ni kazi ya wachoraji wa Kifaransa wasiojulikana majina, waliopima majengo ya Roma: vitako, vichwa vya nguzo, vipande vya kornisi, ule ukingo wa juu unaojitokeza nje, sehemu za Pantheon, hekalu la kale ambalo bado limesimama, na hata Basilika la Mtakatifu Petro ambalo wakati ule lilikuwa bado linajengwa chini ya Michelangelo. Tumezilinganisha na hazina nyingine tatu nne ambazo mwanafunzi wa usanifu majengo, mchoraji au mpenzi wa historia anaweza kuzifungua bila kulipa.

Kwanza, kwa nini namba ziwe muhimu kuliko mstari? Kwa sababu mawe mengi yaliyopimwa hayapo tena. Septizodiumu, ule ukuta wa nguzo za ghorofa kadhaa chini ya kilima cha Palatino, ulibomolewa mwaka 1588 hadi 1589 kwa amri ya Papa Sixtus V, na mawe yake yakaenda kujengea kwingine. Hekalu la Minerva katika uwanja wa Nerva lilivunjwa mwaka 1606. Basilika la Maxentius, ambalo wachoraji wa Renesansi, yaani wa karne ya 15 na 16, waliliita Hekalu la Amani, lilibakiwa na nguzo moja tu, na hiyo nayo ikahamishwa na kusimamishwa mbele ya kanisa la Santa Maria Maggiore mwaka 1614. Mtu aliyepanda ngazi na kamba yake kabla ya miaka hiyo ndiye shahidi pekee tuliyebaki naye, na ushahidi wake uko kwenye tarakimu. Mstari unaweza kupindishwa na mkono au na karatasi iliyovuta unyevu. Namba haipindi. Inaweza kukosewa, lakini kosa lake hukaguliwa kwa hesabu, na njia ya kukagua iko hapo chini.

Sasa huduma yenyewe. Tangu tarehe 7 Februari 2017 Met imeziachia huru picha za kazi zake zisizo na hakimiliki, chini ya leseni ya CC0. Maana yake unapakua, unachapisha, unaweka kwenye kitabu chako, unauza fulana yenye kichwa cha nguzo cha Kikorintho, ule mtindo wa majani, bila kuomba kibali wala kulipa senti. Husajiliwi, huulizwi barua pepe. Kwa jumba kubwa kiasi hicho huo ni ukarimu wa kweli, maana majumba mengine ya Ulaya bado hutoza kwa kila picha.

Kufika kwenye michoro ndiko kunakochosha. Ukiandika neno la jumla kama "nguzo" kwa Kiingereza, utaletewa vinara vya mishumaa, picha za kamera za Misri na fanicha za Ufaransa. Usitafute kwa maneno. Tafuta kwa namba ya usajili: laha za Goldschmidt zote huanza na 68.769, na za Scholz huanza na 49.92, kisha hufuata nukta na namba ya laha. Chuja kwa idara ya michoro na chapa, weka alama kwenye kichujio cha kazi zilizo huru, na orodha itajisafisha. Ukishafungua ukurasa wa laha moja, bonyeza mshale wa kupakua ulio chini ya picha. Usibonyeze picha kwa kidole na kuihifadhi kutoka kwenye kivinjari, kwa sababu hapo utapata ile ndogo ya kuonyesha tu, na tarakimu zitakuwa ukungu mtupu.

Soma pia vichwa vya habari vya laha kwa makini. Vimeandikwa kwa mtindo wa kutaja upande wa mbele na upande wa nyuma, na mara nyingi upande wa nyuma umetajwa kuwa mtupu. Pale ambapo nyuma kuna mchoro, picha yake huwa miongoni mwa vijipicha vya chini, na ni rahisi kuipita. Usiipite. Mchoraji wa karne ya 16 hakuwa na karatasi ya kuchezea. Kitako kinaweza kuwa mbele na kipimo cha nguzo hiyohiyo kikawa nyuma.

Kasoro kubwa ya katalogi ni kwamba tarakimu hazijanakiliwa popote. Unaambiwa ni wino wa kahawia iliyokolea, chaki nyeusi na mistari ya kukwaruza. Unapewa vipimo vya karatasi. Unaambiwa pengine jengo ni lipi, au kwamba halijatambuliwa. Namba zilizoandikwa na mchoraji, ambazo ndizo kiini cha laha, umeachiwa uzisome mwenyewe. Kipimo alichotumia nacho mara nyingi hakitajwi. Katalogi ya michoro ya vipimo isiyotaja vipimo ni kama daftari la duka lenye majina ya wateja bila madeni yao.

Picha zenyewe zimepigwa vizuri, kwa mwanga uliosawazishwa, na kwa laha nyingi tarakimu husomeka ukikuza. Lakini mwanga huo wa usoni una hasara yake. Wachoraji hawa walianza kazi kwa kukwaruza karatasi kwa ncha kavu isiyo na wino: mstari wa katikati wa nguzo, duara la bikari, migawanyo ya urefu. Wino ulikuja baadaye, juu ya mikwaruzo. Mikwaruzo hiyo huonekana mwanga ukija kwa ubavu, ukitambaa juu ya karatasi. Ukija kutoka mbele, inazama. Kwa hiyo kwenye picha ya Met utaona duara limekamilika kwa wino bila kuona tundu la bikari katikati yake, na huwezi kujua kama lilipigwa kwa chombo au kwa mkono mtupu. Kuongeza utofauti wa giza na mwanga kwenye programu ya picha husaidia kidogo tu. Alama ya maji ya karatasi, ile inayoonekana ukiinua laha dhidi ya dirisha na ambayo husaidia kujua karatasi ilitengenezwa wapi na lini, haionekani kabisa katika picha za namna hii.

Wino nao ni tatizo. Wino wa wakati ule ulitengenezwa kwa chumvi ya chuma na vivimbe vya mti wa mwaloni, na kwa miaka mingi hula karatasi na kupenya upande wa pili. Matokeo yake ni vivuli vya namba zilizogeuka vinavyochanganyika na namba za mbele. Ukiona tarakimu ambayo haina maana, geuza picha kama kioo kabla hujaanza kubuni. Mara nyingi itageuka kuwa 7 iliyotoka nyuma.

Onyo moja lenye uzito: usipitishe picha hizi kwenye programu za akili bandia zinazodai kunoa na kukuza. Programu hizo hazisomi, zinakisia. Pale wino ulipofifia zitakuchorea 8 safi na nyeusi mahali palipokuwa na 3, na hutajua. Ni bora ukungu wa kweli kuliko ukali wa kubuni.

Kusoma tarakimu kwenyewe kuna tabia zake. Namba 1 mara nyingi huandikwa kama i au j yenye nukta juu, na ya mwisho katika mfululizo hurefushwa mkia. Namba 5 hufanana na 3 iliyolala mgongo. Nusu huandikwa kama sehemu iliyobanwa sana, au kwa mkato wa neno. Herufi ndogo zinazofuata namba ndizo kipimo: b kwa bracho, o kwa onsia, m kwa minuti, vipimo vya kale vya Italia ambavyo vinaelezwa hapo chini. Herufi p ndiyo mtego, kwa sababu inaweza kuwa palmo na inaweza kuwa futi, na katika mkono wa Mfaransa inaweza hata kuwa inchi yake. Usiiamini mpaka umeipima.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Palmo ya Roma ni kama mita 0.223, hugawanywa onsia 12, na kila onsia minuti 5, kwa hiyo palmo moja ina minuti 60. Bracho ya Firenze ni kama mita 0.584, wafanyabiashara waliigawa soldi 20, lakini wachoraji wengine waliigawa minuti 60 pia. Futi ya mfalme ya Paris ni kama mita 0.325, yenye inchi 12. Futi ya Vicenza, aliyoitumia msanifu Palladio wa karne ya 16, ni kama mita 0.357. Futi ya Warumi wenyewe ni kama mita 0.296. Angalia hizo minuti mbili: ya palmo ni kama milimita 3.7, ya bracho ni kama milimita 9.7. Jina moja, ukubwa tofauti kwa zaidi ya mara mbili na nusu. Hapo ndipo wengi huanguka, wanachora upya kitako kwa kompyuta na kinatoka kama cha nguzo ya kitanda.

Kutambua kipimo si kazi ya kubahatisha. Tafuta katika mkusanyiko uleule laha ya jengo ambalo bado limesimama. Pantheon ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu miili ya nguzo za ukumbi wake wa mbele, ile ya jiwe moja la itale kutoka Misri, ina urefu wa futi 40 za Kirumi, yaani kama mita 11.8, bila kitako wala kichwa. Mchoraji akiandika karibu 53, alitumia palmo. Akiandika 20 na kidogo, alitumia bracho. Karibu 36 ni futi ya Paris, karibu 33 ni futi ya Vicenza. Ukishajua kipimo kwenye laha hiyo, jaribu kukitumia kwenye laha nyingine za mkono uleule. Neno la muhimu ni mkono uleule: makusanyo haya yana mikono zaidi ya mmoja, na wapo waliokuwa wakinakili laha za wenzao pamoja na vipimo vyao vya kigeni.

Hatua ya pili ni kujumlisha. Mchoraji makini huandika urefu wa kila sehemu ya kitako na pia urefu wa jumla. Jumlisha sehemu: plinto, yaani jiwe la mraba la chini, toro ya chini, ule ukanda mnene wa mviringo kama bangili, utepe, skotia, ule mfinyo unaoingia ndani, utepe tena, toro ya juu. Jumla ikilingana na namba ya jumla, umesoma vizuri. Ikipishana kwa 2, rudi kwenye ile 3 uliyoisoma kama 5. Ikipishana kwa kiasi kisichoeleweka, basi ama kuna utepe ulioachwa, ama mchoraji mwenyewe alinakili vibaya. Makosa ya kunakili husafiri: namba iliyorukwa kwenye laha moja inaweza kurukwa kwenye nakala zake zote, na hilo, ingawa ni kosa, ndilo linalotuonyesha nani alinakili kwa nani.

Hatua ya tatu inahitaji Vitruvius, mwandishi Mrumi ambaye kitabu chake kila msanifu wa Renesansi alikuwa nacho kichwani. Kwa kitako cha Kiatiki, kile chenye toro mbili na skotia moja katikati, anasema urefu wote uwe nusu ya unene wa nguzo. Sehemu ya juu ya plinto iwe theluthi ya unene huo, inayobaki iwe plinto. Kisha hiyo sehemu ya juu igawanywe mara nne: robo moja ni toro ya juu, na zile tatu zilizobaki zigawanywe sawa kati ya toro ya chini na skotia pamoja na tepe zake. Chukua nguzo yenye unene wa minuti 90. Kitako kizima ni 45. Plinto ni 15. Zinabaki 30: toro ya juu 7.5, toro ya chini 11.25, skotia na tepe zake 11.25.

Hesabu hiyo ni nzuri sana, na uzuri wake ndio wa kuuogopa. Mawe ya kweli ya Roma hayafuati kitabu kwa usahihi huo. Laha ikikupa 15, 11¼, 11¼ na 7½ sawasawa, kuna uwezekano mkubwa kwamba mchoraji alikaa mezani na Vitruvius, wala hakupiga magoti mbele ya jiwe. Laha ikikupa namba za ovyo ovyo, 14 na nusu hapa, 10 na robo tatu pale, hapo kuna harufu ya vumbi la jiwe. Kwa vitako vya skotia mbili, ambavyo ni vingi katika nguzo za Kikorintho, kanuni hii haifai, usiilazimishe.

Kwa nguzo nzima ya Kikorintho kuna kipimo kingine cha kukagulia, na hiki hakitoki kwenye kitabu cha kale ila kwenye mawe yenyewe: Warumi walipenda urefu wote wa nguzo, pamoja na kitako na kichwa, uwe mara 1.2 ya urefu wa mwili wake. Pantheon ni 48 kwa 40. Kwa hiyo mchoraji aliyepima mwili uliolala chini umevunjika, kisha akaandika urefu wa nguzo nzima, unaweza kumkagua kwa kugawanya tu. Ukipata 1.2 au karibu yake, aidha alipata vipande vyote au alijua alichokuwa akikisia. Ukipata 1.35, alikuwa akipamba.

Na kupamba kulikuwa kwingi. Mchoro unaoitwa wa kipande mara nyingi ni wa kipande kilichokamilishwa. Majani ya akantho yaliyovunjika ncha huchorwa yakiwa mazima, pembe ya abako, kile kibao cha juu ya kichwa cha nguzo, hurudishwa mahali pake, na kipande kilichofukiwa hupewa kitako ambacho hakuna aliyekiona. Katika Jukwaa la Roma la wakati ule nguzo tatu za Hekalu la Vespasian zilikuwa zimefukiwa karibu mpaka juu; yeyote aliyechora kitako chake kabla ya kuchimbwa alikitoa kichwani. Laha moja pia huweza kubeba vipande vya majengo matatu bila uwiano wowote wa ukubwa kati yao: kichwa kidogo cha madhabahu kikawa sawa na kichwa cha nguzo ya mita 12. Macho yatakudanganya. Namba haitakudanganya.

Kwa wanaotaka mkusanyiko wote kwa mkupuo, Met ina mlango wa programu (API) usiohitaji ufunguo, uliofunguliwa mwaka 2018. Unauliza orodha, unarudishiwa namba za vitu, kisha unaita kila namba na kupata rekodi yake. Ndani ya rekodi, primaryImage ni picha kubwa ya mbele, na additionalImages ndimo zilimo picha za nyuma. Wanaoandika programu zao kwa haraka husahau hiyo ya pili na kupoteza nusu ya michoro. Utafutaji hurudisha pia vitu visivyohusika, basi chuja kwa accessionNumber inayoanza na namba ulizotajiwa juu. Maombi yasizidi 80 kwa sekunde. Lile faili la jedwali la vitu vyote lililowekwa GitHub, tovuti ya waandishi wa programu, ni zito na halina viungo vya picha, kwa hiyo usilimalizie bando lako kama unachotaka ni picha.

Sasa majirani. Sir John Soane's Museum ya London inayo Kodeksi Coner, kitabu cha michoro kilichochorwa kwa mkono, iliyokusanywa na Bernardo della Volpaia kuanzia kama mwaka 1513 na kununuliwa na Soane mwaka 1818. Kwa vipande vya nguzo na kornisi hakuna kitabu bora zaidi ya hiki. Kipimo ni bracho ya minuti 60, namba zimejaa, mkono ni safi kiasi cha kumwonea wivu. Katalogi yake mtandaoni ina maelezo marefu kuliko ya Met, na inakutajia jengo pale linapojulikana. Kasoro iko kwenye masharti: kutazama ni bure, kuchapisha kibiashara kunahitaji kibali. Na kuna jambo la kuelewa kuhusu mchoro wenyewe. Bernardo huchora kornisi kwa ubavu kidogo, ukiona uso na pia mkato wake, kana kwamba jiwe limekatwa kwa msumeno. Inavutia, lakini pande zinazorudi nyuma zimefupishwa na huwezi kuzipima kwa rula. Michelangelo alipozinakili laha hizi kwa chaki nyekundu kama mwaka 1516, aliiondoa ile hali ya ubavu na kubakiza umbo la mkato tu. Nakala zake ziko British Museum na Casa Buonarroti ya Firenze. Ukiweka laha ya Bernardo na ya Michelangelo pamoja kwenye kioo utajifunza mengi zaidi kuhusu mkato wa kornisi kuliko katika muhula mzima. Miaka michache baadaye, katika barua ya kama 1519 kwa Papa Leo X iliyoandikwa pamoja na Baldassarre Castiglione, Raphael alilisema wazi: msanifu achore ramani ya chini, uso wa nje na mkato wa ndani, bila mistari inayokimbia kwa mbali, kwa kuwa mistari hiyo humnyima vipimo vya kweli. Wachoraji wa Goldschmidt ni watoto wa barua ile, ingawa mara nyingine husahau na kurudi kwenye mazoea.

Maktaba ya Vatikani inayo hati yenye namba Barb. lat. 4424, kitabu kikubwa cha msanifu Giuliano da Sangallo chenye mwaka 1465 kwenye laha ya mwanzo. Kitazamaji chake ni chepesi na kinakuza vizuri, ila kila picha imepigwa muhuri wa maktaba, na muhuri huo haujali kama umeangukia juu ya namba. Giuliano mwenyewe ni wa kusomwa kwa tahadhari. Anachora kwa raha na anakamilisha magofu kwa ukarimu mkubwa. Kwa uzuri mpe alama zote. Kwa vipimo mpe nusu.

Michoro ya Palladio, mamia ya laha, iko RIBA, taasisi ya wasanifu majengo wa Uingereza, London, na kwa nakala kubwa utalipa. Ni ya kiwango cha juu sana. Kama kazi yako ni ya kulipwa, gharama hiyo ina sababu; kama unajifunza tu, usianzie hapo.

Mahali ambapo Met hukuacha gizani, yaani kipande kisichotambuliwa, fungua Census, hifadhidata iliyoanzishwa mwaka 1946 na sasa iko chuo kikuu cha Humboldt mjini Berlin. Kazi yake ni moja tu: kuunganisha vitu vya kale vilivyojulikana wakati wa Renesansi na michoro yake yote. Haitakupa picha kubwa, lakini ukiingiza jengo itakuorodheshea nani alilichora, katika kitabu kipi, laha ipi. Baadhi ya laha zinazoitwa zisizotambuliwa hupata ndugu zake kwa njia ya kulinganisha mfuatano wa namba: kitako chenye 16, 9½, 2, 7 na 6½ kikitokea kwenye laha mbili za mikono tofauti, umepata jiwe moja.

Alama zetu, kwa kipimo cha kusomeka na kutumika: Met 8 kwa 10, imepoteza mbili kwa kutonakili tarakimu na kwa utafutaji wake. Soane 8, maelezo bora, masharti magumu zaidi. Vatikani 6 kwa sababu ya muhuri. Census 7 kama mwongozo, sifuri kama hazina ya picha, na haijawahi kudai kuwa hiyo.

Mwisho ni kuchapisha kwa ukubwa halisi, jambo linalokwenda vibaya kila mara. Kata kwanza picha ibaki karatasi tupu, bila ukingo wa rangi na rula ya mpiga picha. Chukua upana wa karatasi kwa sentimita kutoka kwenye katalogi, ugawe kwa 2.54 upate inchi, kisha gawa idadi ya pikseli za upana kwa inchi hizo. Laha ya sentimita 40 yenye pikseli 4000 ni kama 254 kwa inchi, na inatosha kusoma tarakimu kwenye A3, ingawa A3 yenye upana wa sentimita 42 haikuachii ukingo mkubwa. Ukiwa chini ya 150, usipoteze wino. Kwenye printa chagua ukubwa halisi, usikubali ijipimie yenyewe. Faili mpelekee mwenye steshenari kwa flashi, au kwa WhatsApp kama hati; ukilituma kama picha litabanwa na zile 3 zitarudi kuwa 8. Na ukikuta duka mtandaoni linakuuzia faili la laha hizihizi kwa dola kadhaa, fahamu unauziwa kitu kilichotolewa bure. Karatasi na wino vinalipiwa, faili halilipiwi.